Gitaa la Laki, Spika ya Elfu Mbili

Ukitaka kujua ni nani Nairobi hii ana spika nzuri sebuleni, usiwaulize wanamuziki. Waulize mawakili. Waulize mainjinia waliostaafu, madaktari wa meno, wenye matatu ambao watoto wao wameshamaliza chuo. Hao ndio wana amplifaya zinazonyanyuliwa na watu wawili, na spika ndefu zilizosimama pande zote mbili za televisheni. Wanamuziki ninaowajua mimi, na ninawajua wengi kwa sababu nimefuatana nao kwenye baa na kumbi za jiji hili tangu nikiwa mwanafunzi, husikiliza muziki kwa simu.

Hapa namfikiria hasa mmoja, mpiga gitaa. Wikendi hupiga zilizopendwa kwenye baa moja kando ya Ngong Road. Katikati ya wiki hufundisha watoto wa Lavington. Gitaa lake lilimla zaidi ya laki moja. Amplifaya ya gitaa hilo, tena ya mitumba, ilimla elfu themanini pamoja na ugomvi wa nyumbani ambao haujaisha vizuri hadi leo. Lakini ingia sebuleni kwake. Juu ya kabati kuna kispika cha bluetooth cha elfu mbili, kimepasuka upande mmoja baada ya mtoto kukiangusha, na hajaona sababu ya kukibadilisha. Siku niliyomwambia kwamba masikio kama yake yanastahili kitu bora, alicheka sana. "Mimi nasikia wimbo, buda. Wewe ndiye unayesikia spika."

Jibu hilo lina ukweli mwingi, na lina ujanja kidogo pia.

Niseme kwanza nimesimama wapi. Mimi si mwanamuziki. Nina santuri mia kadhaa, nyingi zikiwa zile sahani ndogo za mzunguko wa 45, benga na rumba zilizorekodiwa hapahapa Nairobi, nilizookota Kenyatta Market, River Road na kwenye nyumba za watu waliokuwa karibu kuzitupa. Nina amplifaya ya Kijapani ya zamani niliyoipata Luthuli Avenue, na fundi wake ameibadilisha kapasita mara nyingi kiasi kwamba sasa akifanya harusi kwao mimi hualikwa. Spika nilizinunua kwa familia ya wageni iliyokuwa ikifunga virago Kileleshwa. Kwa hiyo swali hili linanigusa mfukoni. Ikiwa wanaoutengeneza muziki wenyewe hawajali vyombo hivi, mimi nimekuwa nikigharamika kwa niaba ya nani?

Tuanze na sikio lenyewe. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ina masafa ya hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa sauti hiyo hata ukiipigia magoti. Nguvu zake zinaanzia mamia ya hezi juu yake. Na bado mchezee mpiga besi wimbo kwa simu, ataufuata mstari wa besi noti kwa noti. Anausikiaje? Kila noti ya ala huja na ukoo wake: ile ya hezi 41 huandamana na ya 82, ya 123, ya 164, na kuendelea. Spika ndogo humwacha nje mzee wa ukoo ikawapitisha watoto, na ubongo, kwa kuwapima watoto hao wanavyopishana, unamjua mzee wao ni nani na kumrudisha mahali pake. Ubongo wa kila mtu hufanya hivyo. Mwanamuziki ana ziada moja tu: anajua noti gani inatakiwa kufuata. Gitaa la ridhimu likihama, besi imeshahama kichwani mwake kabla haijalia.

Chukua besi ya Tom Malanga kwenye rekodi za Les Wanyika, bendi iliyochomoka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Kwenye redio ya jikoni unapata kivuli chake tu. Nimemtazama rafiki yangu akizisikiliza rekodi hizo kwa kile kispika kilichopasuka: vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya paja, kichwa kimeinama, mara anasema "sikia, sikia hapo" na mimi sisikii chochote isipokuwa mlio wa mkebe. Yeye amesikia mtu akifanya uamuzi. Amesikia gitaa la pili likikataa kuingia pale ambapo mimi ningeliingiza. Kwake rekodi ni barua, na barua huisoma hata kama karatasi imelowa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wapenzi wa spika hulisahau. Ile sauti tunayoitafuta majumbani, kila ala mahali pake, mwimbaji katikati, matoazi yakining'inia juu kidogo upande wa kulia, ni sauti ya mtu aliyekaa mbele ya bendi. Mwanamuziki hajawahi kukaa hapo. Mpiga ngoma husikia ngoma. Mpiga gitaa wa baa husikia matoazi ya mpiga ngoma nyuma ya shingo, sauti ya mwimbaji kutoka kwa boksi lililolala miguuni, na watu wa meza ya kwanza wakibishana kuhusu kandanda ya Gor na Ingwe. Mama mmoja anayepiga fidla kwenye okestra hapa jijini aliniambia kwamba kwa kuwa ala iko chini ya taya lake la kushoto, sikio hilo na la kulia hayajawahi kusikia simfoni moja. Kisha tunashangaa kwamba watu hawa hawauzi shamba ili kuletewa nyumbani mandhari ambayo wao hawaijui! Sisi tunanunua kumbukumbu ya kiti tulichowahi kukaa. Wao kiti chao ni kingine, na hakuna kampuni inayokiuza.

Sasa twende studio, maana watu wengi hudhani kwamba huko angalau kila kitu ni cha kifahari. Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika iliyoitwa NS-10. Ilikuwa spika ya nyumbani, ya kuwekwa sebuleni kama hizi zangu, na wenye sebule hawakuipenda. Walisema ni kali, ina besi haba, inachosha. Ingekufa hapo. Lakini mafundi mitambo wa studio wakaiona, wakaiweka juu ya meza zao za kuchanganyia sauti, na kufikia katikati ya miaka ya 80 ukiona picha ya studio yoyote kubwa ya Marekani au Uingereza ulikuta zile koni nyeupe mbili zikikukodolea macho. Wengine walibandika karatasi ya chooni mbele ya kispika cha sauti za juu ili kupunguza ukali, na kukawa na mabishano ya kweli kuhusu karatasi ya aina gani na tabaka ngapi. Waliipenda kwa sababu ileile iliyowafanya wenye sebule waikatae: haikuficha kosa. Sauti ya mwimbaji ikizama, ilikuonyesha. Mwaka 2001 Yamaha waliacha kuitengeneza kwa kuwa malighafi ya karatasi ya ile koni haikupatikana tena, na hadi leo watu wanazitafuta kwa bei ya kuruka.

Na hiyo ndiyo ilikuwa ya heshima. Pembeni yake kulikuwa na Auratone, kijiboksi chenye spika moja tu, ambacho fundi mitambo Bruce Swedien alikitumia akichanganya sauti za Michael Jackson na Quincy Jones. Huko Detroit, watu wa kampuni ya rekodi ya Motown walikuwa wakipima nyimbo zao kwa kispika cha gari, kwa sababu waliwajua wateja wao: vijana ndani ya magari. Wataalamu hawa walikuwa na uwezo wa kununua chochote. Walichagua kusikiliza wimbo mahali ambapo utaishi.

Hapa kwetu wimbo unaishi ndani ya matatu.

Prodyuza ninayemjua Umoja ana studio kwenye chumba cha kulala, magodoro ukutani na trei za mayai darini. (Trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje hata kidogo. Nimesema hadi nimechoka. Majirani pia wamesema.) Ana spika mbili za studio za bei ya wastani na hedifoni, lakini hatoi wimbo mpaka ameupitisha njia yake: anautuma kwa WhatsApp, anausikiliza kwa simu yake, kisha kwa kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya mlinzi wa ploti, kisha anampelekea dereva wa nganya ya Eastlands aliyesoma naye. Besi isipogonga ndani ya gari hilo, wimbo unarudi mezani. Hata gengetone, ile rap ya mitaani iliyoibuka karibu mwaka 2018, naisikia hivyo. Besi imewekwa pale inapotikisa kiti bila kupasua boksi, maneno yamewekwa mbele kwa sababu barabarani kuna kelele.

Nitasema jambo ambalo wenzangu wa santuri hawatalipenda. Katika jiji hili watu wanaojali vyombo vya sauti kuliko wote ni wenye matatu. Wanatumia fedha ambazo mimi siwezi kuzitaja mbele ya mke wangu. Wana mafundi wanaojua boksi la spika liwe na ujazo gani, tundu liwe na urefu gani, betri ngapi zikae chini ya kiti, na abiria huchagua gari kwa masikio. Nimeona vijana wakiacha gari tupu lipite wakasubiri linalosikika vizuri. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, na trafiki wapo, na bado. Sauti hiyo si ya kweli kwa kipimo chochote cha maabara. Lakini imetengenezwa kwa bidii na kwa mapenzi, na wanamuziki wanaifuata, jambo ambalo spika zangu za Kileleshwa hazijawahi kuambiwa.

Wapo wanamuziki wanaojali, tena kwa nguvu. Herbert von Karajan, kondakta wa Berlin, alisimama mbele ya waandishi wa habari Salzburg mwaka 1981 akiisifu sidii hata kabla haijaingia madukani, na alipenda mitambo kama alivyopenda ndege na magari ya kasi. Neil Young ndiye mfano ambao kila mtu huutaja. Mwaka 2014 alichangisha zaidi ya dola milioni 6 mtandaoni ili kutengeneza Pono, kichezeo cha mfukoni chenye umbo la pembetatu, bei dola 399, kilichokusudiwa kuturudishia sauti ambayo MP3 ilikuwa imetuibia. Miaka mitatu baadaye mradi ulikuwa umekwisha. Kinachonivuta kwa Young si kushindwa kwa biashara yake. Ni kwamba mtu huyuhuyu amesimulia mwenyewe jinsi masikio yake yalivyoumia kwa makelele ya muziki wake wa 1991, yakabaki yakivuma, naye akageukia nyimbo za taratibu.

Weka hayo mawili pamoja. Sidii huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani huipima sauti mara hizo, na hiyo inatosha kubeba sauti hadi hezi 22,050. Binadamu mchanga husikia hadi hezi 20,000 hivi. Mtu wa makamo akifika 15,000 amshukuru Mungu. Mafaili makubwa ya Pono yalikwenda hadi sampuli 192,000. Ni nani angezisikia hizo za juu? Popo wa msitu wa Karura, labda. Sisemi Young alidanganya. MP3 za miaka ile ya mwanzo zilikuwa mbaya kweli, na alikuwa sahihi kulalamika. Lakini nadhani alichokuwa akikitafuta hakikuwa kwenye faili.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanamuziki wa Nairobi hawapendi kulizungumza, na ndio ule ujanja kidogo nilioutaja. Wataalamu wa usalama kazini huko Marekani hutumia kipimo hiki: desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa 8 kwa siku, kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua kwa nusu. Fanya hesabu: ukifika desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Jukwaa la baa lenye mpiga ngoma mwenye bidii hupita hapo bila jasho, na seti moja tu ni zaidi ya saa. Sikio huanza kufa kwenye eneo la hezi 3,000 hadi 6,000, mahali panapokaa herufi za "s" na "f", kucha ya gitaa, ncha ya toazi. Mpiga solo aliyekesha kwenye majukwaa miaka ishirini akikuambia kwamba haoni tofauti kati ya spika yako na kispika chake, huenda anasema falsafa, na huenda anasema hali ya masikio yake. Rafiki yangu wa Ngong Road huongeza sauti ya televisheni kuliko mkewe anavyotaka. Nimeona. Sijamwambia, ila anasoma blogu hii, kwa hiyo sasa nimemwambia: kuna vizibo vya masikio vya wanamuziki, bei yake ni ndogo kuliko seti chache za nyuzi, nunua.

Tena mtu aliyefika nyumbani saa kumi alfajiri kutoka kwenye kazi ya namna hiyo hataki spika ya aina yoyote. Anataka chai na kimya.

Pesa nayo ni sababu, hata kama tukiipita haraka. Malipo ya usiku mmoja wa baa yakigawanywa kwa watu saba hayaachi kitu cha kununulia amplifaya ya kusikilizia. Mirabaha ni hadithi ya siku nyingine. Kile kidogo kinachobaki huenda kwenye vyombo vya kazi, na kwa haki. Katika bendi za Afrika Mashariki mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wanamuziki wakali wa enzi za dhahabu walipiga magitaa ya mwenye hoteli, na siku wakikosana naye walitoka mikono mitupu. Mtu aliyekulia kwenye historia hiyo akipata laki moja ananunua gitaa, kwa sababu gitaa ndilo litakaloondoka naye mlangoni. Halafu kuna nyumba zenyewe: ukuta wa inchi sita, jirani anayefanya kazi ya usiku, mwenye ploti aliyeandika kwenye mkataba kwamba hakuna makelele baada ya saa tatu. Stima inashuka na kupanda. Mimi mwenyewe nimeweka kidhibiti cha voltiji kilichonigharimu kuliko kichezeo cha santuri chenyewe.

Sasa nisimulie kuhusu Mzee.

Alikuwa mpiga besi, alirekodi hapa Nairobi miaka ya 70 na bendi ambayo jina lake nitaliacha kwa sababu aliniomba. Nilikutana naye kwenye msiba wa mwanamuziki mwenzake, tukapiga gumzo, nikamwambia kwamba nina sahani moja aliyopiga yeye. Hakuamini. Hakuwa na hata nakala moja ya kazi zake. Kama wengi wa rika lake, sahani zilitoka, zikauzwa, zikaisha. Akaja nyumbani Jumapili moja baada ya misa, amevaa suti. Mke wangu akamwandalia chai. Nikaiosha ile sahani, nikaiweka, nikamketisha kwenye kiti chenyewe, kile cha katikati ambacho watoto hawaruhusiwi kukisogeza. Nakiri nilikuwa nasubiri machozi.

Wimbo ukaanza. Mzee akakunja uso. Kabla beti ya kwanza haijaisha akanyoosha kidole. "Pedali!"

"Pedali gani, Mzee?"

"Ya ngoma. Unasikia inalia? Kwi, kwi. Fundi mitambo alitusimamisha asubuhi nzima siku ile akitafuta panya. Kumbe ni pedali. Na iliingia!" Akacheka hadi akakohoa.

Mimi nilikuwa nimesikiliza sahani ile miaka mingi bila kuisikia pedali. Sasa siwezi kutoisikia. Tukarudia. Mara ya pili alinyamaza kabisa, akisikiliza gitaa la pili, la yule tuliyekuwa tumemzika juma lililotangulia. Kwenye redio, akasema, magitaa yale mawili yalikuwa yakija yamegandana, ukisikia kitu kimoja. Ndiyo mara ya kwanza tangu studio kuwasikia wawili. Nikadhani hapo sasa tumefika kwenye mazungumzo ya spika. Nikaanza kueleza koni, kabati, jinsi kichezeo kinavyosimama juu ya jiwe. Akanikatiza kwa upole.

"Kijana, hii mashine inaweza kwenda polepole?"

Inaweza. Nikaitoa kwenye 45 nikaiweka kwenye 33. Sauti ikashuka, waimbaji wakawa majitu, na Mzee akaomba gitaa. Binti yangu ana gitaa la kujifunzia, akaletewa. Kumbe mstari wake wa besi kwenye kiitikio alikuwa ameusahau. Vijana wa kanisani kwake wanaopiga zilizopendwa kwenye maharusi walikuwa wamemuuliza, akawapa uongo. Sasa alikuwa amekuja kuuchukua. Tulirudia kipande kile mpaka chai ikapoa, yeye akitafuta kwa nyuzi za chini za gitaa la mtoto, akihamisha mkono kwa sababu ya ile sauti iliyoshuka bila hata kufikiri, akilaani kidogo kwa Kijaluo, mpaka ukapatikana. Akaupiga mara tatu mfululizo, akanirudishia gitaa, akaomba kofia yake.

Hajarudi kusikiliza. Amenipigia simu mara kadhaa kuuliza kama nina sahani nyingine za bendi yake, na kila mara ameuliza kuhusu kiitikio fulani, hajawahi kuuliza kuhusu wimbo mzima.

Kwa hiyo nikisikia watu wakisema wanamuziki hawajali sauti nzuri nyumbani, namkumbuka Mzee na ninakubali nusu. Bila vyombo vile asingewatenganisha wapiga gitaa wawili. Spika ya elfu mbili isingempa alichokuja kuchukua. Lakini alikuja kuchukua, kama mtu anayeingia duka la vipuri akijua namba ya kipuri. Kukaa pale jioni nzima kwa ajili ya utamu wa sauti wenyewe, bila kutaka kuondoka na kitu, hiyo ni kazi yangu mimi na yule wakili na yule daktari wa meno. Naifanya bila aibu. Bendi inahitaji na watu wa kukaa upande huu.

Kuna jambo moja ambalo mwanamuziki anafaa kabisa, nalo ni kwenda naye dukani. Mwaka jana binti yangu alitaka spika za chumbani kwake na nikaenda na rafiki yangu wa Ngong Road kuzitafuta mjini. Usimwulize mwanamuziki spika gani ni nzuri. Atakuambia zote ziko sawa, aende zake. Mwulize ajaribu kwa wimbo gani. Wenye maduka hukuchezea kitu chenye besi ya kutetemesha kioo, kwa sababu hapo kila wufa, ile spika ya besi, husikika tajiri. Yeye aliikataa simu ya muuzaji, akachomeka yake, akaweka nyatiti ya Ayub Ogada, ile rekodi ya mwaka 1993 iliyotolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Nyatiti ina nyuzi nane tu na sauti ya mtu mmoja, kwa hiyo spika haina pa kujifichia.

"Sikiliza kidole cha mguu," aliniambia. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye ubavu wa ala. Kwenye spika za duka la kwanza pete ile ililia kama inagonga bati. Za pili zilitoa mlio wa mbao lakini nyuzi za chini zikavimba, zote zikawa noti moja. Muuzaji akasema tuongeze besi. Rafiki yangu akamwambia, "Boss, punguza kwanza tusikie kilichobaki," na kilichobaki kikawa kidogo sana. Duka la tatu lilikuwa kwenye ngazi, spika zenyewe za mitumba, kitambaa kimechanika. Hapo chuma kilikuwa chuma na mbao ilikuwa mbao, na tukasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Nikalipa. Kitambaa kitashonwa na fundi wangu. Rafiki yangu hakuziangalia tena. Alikuwa ameshageukia kaunta ya pili, anabishana bei ya kebo ya gitaa.